Kinachokua ni kipi? Mashirika yasiyo ya kiserikali na ajira za vijana Kanda ya Kati

Mtu anayetoka Dodoma kuelekea Morogoro na kuchepuka pale Mbande huingia Kongwa, mji ambao mwaka 1947 uligeuzwa kuwa kitovu cha mojawapo ya miradi mikubwa ya kilimo iliyowahi kujaribiwa na serikali ya kikoloni ya Uingereza. Mpango ulikuwa kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa ikiwa ndani ya Tanganyika, ili kuziba upungufu wa mafuta uliowakabili Waingereza baada ya vita. Ujumbe wa wataalamu uliokuja mwaka 1946 ulikagua maeneo kwa wiki chache tu, na kwa sehemu kubwa uliyatazama kutoka kwenye ndege. Matrekta yakaletwa, vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mashine za kufyekea pori, na mibuyu ikawashinda. Udongo wa mfinyanzi wa Kongwa ulikauka kiangazi hadi ukawa mgumu kama sakafu, karanga zilizokomaa zikawa hazing'oki, na mvua, ambayo kila Mgogo anajua kwamba haina ahadi, ikakosekana. Mradi ulifutwa Januari 1951, ukiwa umekwisha kumeza takriban pauni milioni 36.

Naanza na Kongwa kwa sababu historia hiyo iko jirani nasi, na kwa sababu lugha ya maandiko ya miradi ya vijana ya leo inakaribiana mno na lugha ya wakati ule. Kila andiko linaahidi kufikia maelfu, na kila mfadhili anauliza mradi utapanuliwa lini. Asasi iliyofanya kazi nzuri katika vijiji vitatu vya Bahi huombwa ieleze, ndani ya kurasa mbili, itakavyofika katika mikoa mitano. Katika mazungumzo hayo yote swali moja huachwa nyuma, nalo ndilo makala haya yanajaribu kulifafanua: mradi wa ajira ya vijana unaposemwa kwamba umekua, kilichokua hasa ni kitu gani?

Neno "kupanua" limebeba maana tatu ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni shirika lenyewe kukua, yaani kuongeza magari, ofisi, wafanyakazi na bajeti. Ya pili ni njia ya kazi kuenea, hata ikashikwa na watu wasiolijua kabisa shirika lililoianzisha. Ya tatu ni utaratibu wa nchi kubadilika, kiasi kwamba jambo lililokuwa la mradi linaingia katika bajeti ya halmashauri, mtaala wa chuo au kanuni za wizara. Wafadhili wengi hulipia maana ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayohesabika kwa urahisi, ilhali mabadiliko yaliyodumu katika Kanda ya Kati, kwa jinsi ninavyoyaona, yamekuja zaidi kwa maana ya pili.

Mfano ulio karibu na kila msomaji ni VICOBA, yaani vikundi vya kijamii vya kuweka akiba na kukopeshana. Chimbuko lake ni vikundi vya akina mama vilivyoanzishwa na shirika la CARE katika eneo la Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, na mfumo huo ukaingia Tanzania miaka kadhaa baadaye. Hakuna shirika lililovifungua vikundi vyote vilivyopo leo Singida na Dodoma, wala hakuna ambalo lingeweza kuvihudumia. Vilienea kwa sababu kanuni zake zinaweza kufundishwa na mwanachama mmoja kwa jirani yake: hisa za kila wiki, mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa, mgawo mwishoni mwa mzunguko, na kasha lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti. Kasha hilo linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna usimamizi, ukaguzi na uwajibikaji bila afisa yeyote wa mradi kuwapo. Serikali nayo ikaja nyuma: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilivitambua vikundi vya kijamii kama daraja la nne la watoa huduma, na kuvitaka visajiliwe. Njia ilitangulia kuenea, kisha utaratibu wa nchi ukaifuata.

Maradi hiyohiyo ndiko ilikokua njia nyingine ambayo wakulima wa Dodoma wanaifahamu kwa jina la Kisiki Hai. Katika miaka ya 1980 Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, aliona kwamba vichaka vilivyodharauliwa mashambani vilikuwa ni miti iliyokatwa ambayo mizizi yake ilikuwa bado hai. Hapa kwetu njia hiyo inasambazwa na LEAD Foundation yenye makao Mpwapwa, ikishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi, na mkulima hufundishwa kuchagua machipukizi, kupogolea, kuweka alama na kutunza. Hahitaji mche, kitalu wala maji ya kumwagilia. Anahitaji panga na uamuzi. Gharama ya kumwongeza mkulima mmoja ni ndogo sana, na shamba lake huwa darasa kwa wapita njia.

Ajira, hata hivyo, haienei kama mti, na hapo ndipo ugumu wa mada hii unapoanzia.

Mnunuzi ni nani?

Mkulima mmoja akiotesha kisiki chake, hampunguzii jirani yake chochote. Kijana mmoja akifungua kibanda cha kushona nguo kando ya kibanda kingine, anaweza kuwa anagawana nacho wateja walewale. Tuchukue kata moja ambayo ina kazi ya kutosha mafundi cherehani kumi. Shirika likifundisha vijana thelathini, likawapa vyeti na vyerehani, taarifa yake itasema vijana thelathini wamewezeshwa, na haitakuwa imedanganya. Lakini ukirudi baada ya miaka miwili unaweza kukuta mafundi kumi na wawili wanaojikimu kwa shida, baadhi yao wakiwa wamechukua nafasi za waliokuwapo kabla, na vyerehani vingine vimeuzwa ili kulipa kodi ya chumba. Mafunzo yameongeza watu wanaojua kushona, lakini nguo zinazoshonwa katika kata hiyo ni zilezile.

Ndiyo maana hesabu ya wanufaika haitoshi. Swali la haki ni hili: vijana walewale wangepata nini kama mradi usingekuwapo, na namna ya kulijibu ni kuwalinganisha na wenzao wanaofanana nao ambao hawakupata nafasi. Mwaka 2017 David McKenzie, mchumi wa Benki ya Dunia, alikusanya tafiti za namna hiyo kutoka nchi zinazoendelea. Alikuta kwamba, kwa wastani, kati ya watu 100 wanaopewa nafasi ya mafunzo ya ufundi, chini ya 3 hupata kazi ambayo wasingeipata bila mafunzo hayo. Matokeo hayo hayasemi kwamba mafunzo ni kazi bure. Yanasema kwamba vijana wengi wanaohitimu na kuajiriwa wangepata kazi kwa njia nyingine, na kwamba taarifa inayojisifu kuwa asilimia 70 ya wahitimu wameajiriwa haijatueleza mchango wa mradi ni upi.

Dodoma yenyewe imetupa somo kubwa kuhusu upande wa pili, ule wa mahitaji. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, jiji limekuwa likijengewa Mji wa Serikali pale Mtumba, uwanja wa ndege wa Msalato, barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3, na reli ya kisasa ambayo treni zake za abiria zilianza kufika Dodoma Julai 2024. Sensa inaonyesha mkoa ulikuwa na watu 2,083,588 mwaka 2012 na 3,085,625 mwaka 2022. Watu milioni moja walioongezeka wanahitaji vyumba, chapati, usafiri wa bodaboda, mabomba, milango ya chuma na nywele za kusukwa. Ukilinganisha na miradi yote ya uwezeshaji niliyowahi kuisikia katika mkoa huu, uamuzi huo mmoja umezalisha kazi nyingi zaidi kwa mafundi rangi, mafundi vigae na mama lishe. Linalouma ni kwamba sehemu kubwa ya kazi zenye malipo bora ilichukuliwa na mafundi waliotoka mikoa mingine wakiwa tayari na ujuzi, huku kijana wa Chamwino akibaki kubeba zege.

Hapo ndipo shirika lisilo la kiserikali lina nafasi ambayo soko peke yake halijaziba. Halina uwezo wa kuzalisha mahitaji ya jiji zima, lakini linaweza kumfikisha kijana pale ambapo mahitaji yapo, na linaweza kumpa kitu cha kuthibitisha anachokijua. Utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa mwaka 2020 uliwalinganisha vijana waliopelekwa vyuo vya ufundi na wale waliojifunza kazini kwa mwajiri. Makundi yote mawili yaliongeza kipato. Lakini waliotoka vyuoni walisonga mbele zaidi kadiri miaka ilivyopita, kwa sababu walipopoteza kazi ya kwanza, cheti kiliwasaidia kuipata ya pili, ilhali ujuzi wa mwenzao aliyefundishwa gereji haukujulikana nje ya gereji ile. Tanzania ina chombo kinachogusa jambo hilo moja kwa moja, nacho ni urasimishaji ujuzi, ambapo VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, humpima fundi aliyejifunza mtaani na kumpa cheti cha kile anachokiweza. Kijana aliyechomelea mageti kwa miaka sita hahitaji kufundishwa upya kuchomelea. Anahitaji kutahiniwa, kulipiwa ada, na pengine kufidiwa siku atakazokosa kibarua. Ni kazi isiyo na mvuto wa picha, na ni ya gharama ndogo, lakini sioni nyingine ambayo asasi za Dodoma zingeweza kuifanya kwa haraka na kwa faida kubwa kuliko hiyo.

Mtaji nao una hadithi yake. Kaskazini mwa Uganda, Serikali ilitoa ruzuku kwa vikundi vya vijana kuanzia mwaka 2008, wastani wa dola 382 kwa kila mmoja, ili wajifunze ufundi na kununua vifaa. Baada ya miaka 4 waliopata ruzuku walikuwa na kipato kilichowazidi wenzao kwa asilimia 38. Baada ya miaka 9, pengo la kipato lilikuwa limekwisha, kwa sababu wale wasiopata nao walikuwa wamesogea kidogo kidogo kwa kudunduliza. Mtu anaweza kuyasoma matokeo hayo kwa masikitiko. Mimi nayasoma hivi: ruzuku ilimwahisha kijana miaka kadhaa, na kwa mtu wa miaka 22 mwenye mtoto mchanga, miaka hiyo ina thamani isiyohitaji kutetewa.

Njia nzuri inapohama mikono

Shirika la BRAC, lililozaliwa Bangladesh mwaka 1972, liliendesha nchini Uganda vilabu vya wasichana ambamo walifundishwa stadi za maisha na kazi za kujiingizia kipato. Tathmini ilionyesha wasichana wengi zaidi wakijishughulisha na biashara ndogo, na mimba za umri mdogo zikipungua. Vilabu hivyo hivyo, kwa muundo uleule na shirika lilelile, vikaletwa Tanzania. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2017 haikuona mabadiliko ya maana kama yale, na watafiti wakahusisha tofauti hiyo na uhaba wa rasilimali na namna vilabu vilivyoendeshwa. Kwa maneno mengine, kilichovuka mpaka kilikuwa jina na mwongozo, wakati kilicholeta matokeo kule kilikuwa pia chumba cha kukutania, mlezi wa klabu na usimamizi wa karibu.

Kenya ilipata funzo la aina hiyo katika elimu. Walimu wa mkataba waliosimamiwa na shirika lisilo la kiserikali waliinua alama za wanafunzi, lakini walimu wa mkataba wa aina hiyo hiyo waliposimamiwa na serikali, katika jaribio moja na wakati mmoja, alama hazikupanda. Anayesema kwamba mwisho wa kila mradi mzuri ni kuukabidhi kwa serikali analazimika kujibu swali hilo: je, mshahara ulilipwa kwa wakati, nani alikagua, na chama cha walimu kiliupokeaje mpango? Makabidhiano yanayofanyika siku moja ukumbini, kwa hotuba na picha ya pamoja, hayajibu lolote kati ya hayo.

Kinachofaa kuigwa ni namna BRAC hiyohiyo ilivyofundisha kina mama wa Bangladesh kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa watoto wanaoharisha. Kwa miaka 10, kuanzia 1980, walimu wake walikwenda mlango kwa mlango hadi wakafikia kaya zaidi ya milioni 12. Kabla ya kufika huko walijaribu, wakakosea, wakarekebisha. Mwalimu hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizotembelea. Mkaguzi alirudi baadaye kwa baadhi ya kina mama, na malipo ya mwalimu yakategemea kile walichokikumbuka na ubora wa mchanganyiko waliotengeneza. Ukiuhamishia mfano huo Dodoma, mkufunzi wa vijana angelipwa sehemu ya ujira wake miezi sita baada ya mafunzo, kulingana na vijana waliobaki kazini. Najua wakufunzi wengi wasingeufurahia utaratibu huo, na wangekuwa na hoja, kwa kuwa mwaka wa ukame huangusha hata kijana aliyefundishwa vizuri. Basi kipimo kiwe kile kilicho mikononi mwa mkufunzi, yaani ujuzi aliobaki nao kijana, na bei ya alizeti iachwe nje.

Fedha zinazotolewa, na jinsi zinavyotolewa

Msaada mwingi kwa asasi zetu huja ukiwa umefungwa kwenye shughuli: semina kadhaa, vyerehani kadhaa, safari kadhaa za ufuatiliaji. Mhasibu, kodi ya ofisi, matengenezo ya gari na mshahara wa mtu anayefikiri juu ya mwaka unaofuata huitwa gharama za uendeshaji, na hubanwa kana kwamba ni ubadhirifu. Mwaka 2016 taasisi ya Bridgespan ya Marekani ilichunguza mashirika 20 ikakuta kwamba gharama zisizo za moja kwa moja zilikuwa kati ya asilimia 21 na 89 ya gharama za moja kwa moja, huku wafadhili wengi wakikubali asilimia 10 au 15 tu. Asasi inayolipwa chini ya gharama yake halisi hujifidia kwa kuandika andiko jingine kabla la kwanza halijaisha, na ndipo unapoikuta asasi ya vijana ikifanya lishe mwaka huu, uchaguzi mwaka ujao na mabadiliko ya tabianchi mwaka wa tatu. Haiwezi kukomaa katika jambo lolote, na asiyekomaa katika jambo hana cha kupanua.

Utegemezi huo ulionekana wazi mwaka 2025. Januari mwaka huo Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Machi ikatangaza kufuta asilimia 83 ya programu za USAID. Mikataba iliyotarajiwa kudumu miaka mitano ilikatika katikati ya wiki. Wakfu mkubwa wa Mastercard, ambao mwaka 2018 ulitangaza lengo la kuwawezesha vijana milioni 30 wa Afrika kupata kazi zenye staha ifikapo 2030, ulianza na nchi saba, na Tanzania haikuwa miongoni mwa hizo. Kwa hiyo asasi ya Manyoni au Kondoa inayosubiri mfadhili mkubwa wa nje inaweza kusubiri sana.

Karibu zaidi kuna fedha za ndani. Kila halmashauri inatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa Aprili 2023, baada ya kaguzi kuonyesha fedha nyingi zisizorejeshwa na vikundi visivyokuwapo, kisha ukarejeshwa mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya. Kasoro hizo zinaeleza vizuri kinachokosekana. Halmashauri ina fedha, lakini afisa maendeleo ya jamii mmoja wa kata hana muda wala pikipiki ya kukitembelea kila kikundi, kukisaidia kuandaa mchanganuo wa biashara ulio wa kweli, na kugundua mapema kwamba katibu na mweka hazina wamegombana. Asasi inayoifanya kazi hiyo ya katikati haitatoa shilingi ya mkopo wala haitapigwa picha na hundi ya bango, lakini fedha zitakazozunguka kwa sababu yake zitazidi bajeti yake mara nyingi, na zitaendelea kutengwa hata mradi wake ukiisha.

Lililobaki ni muda. Hombolo, Makutupora na Mpunguzi, ambako mkulima wa zabibu huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, mzabibu mchanga hautoi mavuno ya maana katika mwaka wake wa kwanza. Ruzuku nyingi zinazofika kwa asasi ndogo ni za miezi 12, na robo ya kwanza huishia kwenye utambulisho wilayani, uteuzi wa vijana na ununuzi wa vifaa. Tathmini ya mwisho huandikwa mzabibu ukiwa bado unafundishwa kupanda kwenye waya. Mfadhili anayetaka kujua kama kijana wa Hombolo amepata kazi atalazimika kuweka kwenye mkataba wake miaka mitatu, na fungu la kumrudisha mtu shambani baada ya mavuno ya pili, akiwa na daftari la mauzo mkononi.